Mpiga Kura Asiye na Chama Marekani Humpima Mgombea Urais kwa Mizani Gani?

Mwaka 2012 Mitt Romney wa Republican alimshinda Barack Obama wa Democratic miongoni mwa wapiga kura waliosema hawana chama. Mahojiano na wapiga kura waliokuwa wakitoka vituoni yalimpa Romney asilimia 50 ya kundi hilo, Obama 45. Usiku huohuo Obama alitangazwa mshindi wa muhula wa pili. Miaka 8 kabla, John Kerry wa Democratic alimpita George W. Bush wa Republican katika kundi hilohilo, 49 kwa 48, na Bush akabaki White House. Mwaka 2024 Kamala Harris aliongoza kwa 49 dhidi ya 46, na Donald Trump ndiye aliyeapishwa.

Kwa hiyo katika chaguzi 6 za urais tangu 2004, mara 3 aliyependwa zaidi na wasio na chama ndiye aliyeshindwa. Hata hivyo kila msimu wa kampeni wachambuzi huturudishia sentensi ileile, kwamba wasio na chama ndio watakaoamua. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe umefunikwa. Naamini mkanganyiko mwingi unatokana na kuwaita kwa jina moja watu wasiofanana, kisha kuwapa wote mizani ambayo wengi wao hawaishiki.

Jina moja, watu wengi

Kampuni ya utafiti wa maoni ya Gallup huwauliza Wamarekani wanajihesabu kuwa Warepublikani, Wademokrati au watu wasio na chama. Mwaka 2023, na tena 2024, asilimia 43 walijibu kwamba hawana chama, kundi kubwa kuliko kila kimoja cha vyama viwili vikuu. Ukiishia hapo utadhani karibu nusu ya nchi imekaa katikati, imekunja mikono, inasubiri kushawishiwa. Lakini Gallup wana swali la pili: unaegemea zaidi upande upi? Wengi wa wale 43 hutaja chama. Wanaobaki wakisema hawaegemei popote ni karibu mtu mzima 1 kati ya 10.

Wanasayansi wa siasa wamelijua hili kwa miongo kadhaa. Mtu anayesema "sina chama, ila naegemea Democratic" hupiga kura kama Mdemokrati. Wakati mwingine huwa mwaminifu kwa chama kuliko yule aliyejiita Mdemokrati wa kawaida asiye na msimamo mkali. Anayeegemea Republican ni vivyo hivyo. Kwa tabia yake kwenye sanduku la kura, mtu huyu ana chama. Kinachokosekana ni utayari wa kulitamka jina lake mbele ya watu.

Kwa nini afiche? Sababu moja ni aibu. Siasa za vyama Marekani zimechukua sura ya ugomvi usioisha, na kusema "mimi sina chama" ni njia ya kumwambia jirani kwamba simo katika kelele hizo. Sababu nyingine ni hasira dhidi ya chama chenyewe: mtu amechoshwa na viongozi wake lakini hawezi kabisa kuwapigia wapinzani. Isitoshe, katika majimbo kama Texas, Georgia, Michigan na Wisconsin mpiga kura anapojiandikisha haulizwi chama, kwa hiyo "kutokuwa na chama" huko ni namna tu ya kujieleza na hakuna karatasi inayothibitisha.

Hapo ndipo fumbo la 2012 linapofumbuka. Kuanzia 2009, vuguvugu la wahafidhina lililoitwa Tea Party lilipopamba moto, wengi wao waliokasirishwa na uongozi wa Republican waliacha kujiita Warepublikani. Hawakuhamia kwa Obama wala hawakusogea katikati. Walibadili jina tu, na kundi la "wasio na chama" likasogea kulia, upande wa Republican, bila yeyote kubadili mawazo. Siku ya uchaguzi asilimia 38 ya wapiga kura walijitaja Wademokrati, 32 Warepublikani. Romney alishinda kundi ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa yake tangu mwanzo, na hesabu ya jumla ikamkataa.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha takwimu kwamba mgombea fulani "anaongoza kwa wasio na chama", swali la kwanza la kuuliza ni hili: wangapi kati yao hawaegemei popote? Bila jibu hilo, takwimu yenyewe haina uzito.

Wa wastani si lazima awe katikati

Neno la pili linalopotosha ni "wastani". Asiye na chama na mwenye misimamo ya wastani hutajwa pamoja kama mapacha, na mara nyingi si ndugu hata kidogo. Kuna Warepublikani na Wademokrati wengi waliojiandikisha, wenye mazoea ya chama, ambao ni watu wa wastani. Na kuna wasio na chama ambao misimamo yao ni mikali kuliko ya chama chochote.

Chukua mtu anayetaka serikali ilipie matibabu ya kila raia, na wakati huohuo anataka wahamiaji wote wasio na vibali wafukuzwe nchini. Mpe dodoso. Jibu la kwanza litamweka kushoto kabisa, la pili kulia kabisa. Jumlisha, gawanya kwa mbili, naye atatokea katikati. Kwenye jedwali la mtafiti ameshakuwa "mpiga kura wa wastani", ingawa hakuna jambo hata moja analolitaka kwa wastani. Mwanasayansi wa siasa David Broockman ameionyesha hatari hii waziwazi: wastani wa hesabu na wastani wa mawazo ni vitu viwili.

Watu wa namna hii wapo, na wanaonekana kwenye matokeo. Mwaka 2020 Florida ilimpa Trump zaidi ya asilimia 51 ya kura. Siku hiyohiyo, kwenye karatasi ileile, karibu asilimia 61 ya wapiga kura wa Florida walipitisha kwamba kima cha chini cha mshahara kipandishwe hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa, jambo lililokuwa ajenda ya mrengo wa kushoto. Mwaka 2024 Missouri ilimpa Trump zaidi ya asilimia 58, kisha ikaingiza haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo kwa karibu asilimia 52. Maelfu kwa maelfu ya watu waliweka alama kwa Trump na kwa jambo ambalo chama chake kilikuwa kikilipinga, kwa kalamu moja, ndani ya dakika chache.

Ni rahisi kusema watu hao hawajielewi. Sikubali. Vyama viwili vimefungasha mamia ya masuala katika mafurushi mawili, na hakuna kanuni ya mantiki inayosema anayetaka mishahara mizuri lazima pia akubaliane na kundi fulani kuhusu bunduki au mipaka. Mtu asiyechukua furushi zima ana haki ya kuchagua kilichomo. Tatizo lake ni kwamba kwenye urais hawezi kuchambua: hupewa furushi moja au lingine. Kwa hiyo hulazimika kuamua kwa kigezo kisichokuwa orodha ya misimamo.

Nisije nikawapuuza watu wa katikati wa kweli. Wapo, na ni wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na kikundi cha wanasayansi wa siasa, Anthony Fowler na Lynn Vavreck wakiwa miongoni mwao, ulitenganisha watu wenye mawazo ya katikati na watu wenye mchanganyiko usiopangika, na ukakuta sehemu kubwa ya Wamarekani ni watu wa katikati kwelikweli. Jambo lililonivutia zaidi ni walilolikuta kuhusu kura zao: watu hawa husikiliza. Mgombea akiwa na msimamo mkali humtoroka, akiwa na uzoefu humpa uzito. Mshabiki wa chama hafanyi hivyo, kwa kuwa ameshaamua kabla jina la mgombea halijajulikana.

Usiku wa Richmond

Kama ningetakiwa kuchagua tukio moja la kumwonyesha mtu jinsi mpiga kura asiyeamua anavyopima, ningechagua mdahalo wa tarehe 15 Oktoba 1992 mjini Richmond, Virginia. Wagombea walikuwa watatu: Rais George H. W. Bush wa Republican, Bill Clinton wa Democratic na tajiri wa Texas Ross Perot, aliyegombea bila chama. Ukumbini waliketi watu 209 ambao walikuwa hawajaamua, na wao wenyewe ndio waliouliza maswali.

Mwanamke mmoja kijana alisimama akauliza deni la taifa limemgusa vipi kila mgombea katika maisha yake mwenyewe, na kama halijamgusa, atawezaje kupata dawa ya matatizo ya watu wa kawaida asiyoyajua uchungu wake. Swali lile lilikuwa na kasoro ya kiuchumi. Alitaja deni la taifa, ilhali alikuwa akizungumzia hali ngumu: watu kukosa kazi, nyumba kuwashinda. Bush alilichukua swali kama lilivyotamkwa. Akazungumzia viwango vya riba, akasema hana hakika amelielewa, akaonekana kama anayekaribia kujitetea. Kamera zilikuwa zimeshamnasa akitazama saa yake. Clinton aliinuka, akamsogelea yule mwanamke, akamuuliza yeye ameguswa vipi, kisha akaeleza kwamba kama gavana wa jimbo dogo anawajua kwa majina watu waliopoteza kazi.

Wachumi wangeweza kumpa Bush alama kwa kutaka swali lieleweke. Lakini mtu asiye na chama hakuja pale kusahihisha mtihani wa uchumi. Alikuja na jambo moja: huyu ninayetakiwa kumkabidhi nchi, anaijua hali yangu? Wanaotazama kwa jicho la chama hulidharau swali hilo kama hisia tupu. Mimi naliona ni swali la busara sana. Rais atakutana na mambo ambayo hayakutajwa katika kampeni yoyote, na hakuna ahadi iliyoandikwa itakayomwongoza siku hiyo. Mpiga kura anachoweza kukadiria ni mtu huyo atamfikiria nani wakati wa kuamua.

Perot naye alitoa somo. Juni mwaka ule Gallup walikuwa wamemkuta akiongoza kwa asilimia 39, mbele ya rais aliye madarakani na mbele ya Clinton. Alijitoa Julai, akarudi Oktoba, na mwishowe akapata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima na kura 0 za wajumbe, yaani wale wa kila jimbo ambao kura zao ndizo humchagua rais. Wasio na chama wengi walimpenda na bado hawakumpigia, kwa sababu katika mfumo ambao mshindi wa jimbo karibu kila mahali huchukua wajumbe wote, kura ya mtu wa tatu huonekana kama kura iliyotupwa. Kutokuwa na chama hakumfanyi mtu amchague mgombea asiye na chama.

Kuangalia nyuma, lakini si mbali

Mzani mwingine mkubwa ni matokeo. Tarehe 28 Oktoba 1980, wiki moja kabla ya uchaguzi, Ronald Reagan alimaliza mdahalo wake na Rais Jimmy Carter kwa kuwauliza watazamaji kama hali yao ilikuwa bora kuliko miaka 4 iliyopita, na kama kununua vitu dukani kulikuwa rahisi zaidi. Mfumuko wa bei mwaka ule ulikuwa asilimia 13.5. Wamarekani 52 walikuwa bado mateka nchini Iran. Reagan alichukua majimbo 44.

Uzuri wa swali lile ni kwamba halikumtaka mtu akubaliane na Reagan kuhusu chochote. Mtu angeweza kumwona Reagan amezidi kulia na bado akajibu "hapana" kuhusu maisha yake, na jibu hilo likatosha. Kwa mpiga kura asiye na furushi la chama, huu ndio mzani wa bei nafuu zaidi: hauhitaji kusoma ilani, unahitaji kukumbuka.

Ila kumbukumbu yenyewe ina tabia yake. Andrew Healy na Gabriel Lenz walionyesha mwaka 2014 kwamba wapiga kura, ukiwauliza, husema wangependa kuhukumu miaka yote 4 ya rais, lakini kwa kweli huhukumu mwaka wa mwisho, kwa sababu ndio unaokumbukika kirahisi. Mwisho wa safari husimama mahali pa safari nzima. Reagan mwenyewe alinufaika. Mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira chini yake ulifika asilimia 10.8, kiwango ambacho Carter hakuwahi kukifikia. Mwaka 1984 uchumi ukakua kwa zaidi ya asilimia 7, na Reagan akashinda majimbo 49 kati ya 50. Machungu ya 1982 hayakufutwa, yalipitwa tu na yaliyofuata.

Sasa linganisha na 2024, kwa kuwa hapa kanuni hiyo inaonekana kuvunjika. Mfumuko wa bei ulifika kileleni Juni 2022, asilimia 9.1, kisha ukashuka hadi chini ya asilimia 3 kabla ya uchaguzi. Kwa hesabu ya mwaka wa mwisho, chama cha Joe Biden na Harris kingetarajia nafuu. Hakikuipata: karibu nusu ya wapiga kura waliwaambia wahoji kwamba hali ya familia yao ilikuwa mbaya kuliko miaka 4 iliyopita.

Kilichotokea ni kwamba mchumi na mnunuzi wanapima vitu tofauti. Mchumi anaposema mfumuko umeshuka, anasema bei zinapanda polepole. Mnunuzi anatazama bei yenyewe, na bei hiyo ilikuwa haijarudi ilikotoka. Kila safari ya dukani ilimkumbusha upya, kwa hiyo maumivu ya 2022 hayakupata nafasi ya kuwa ya zamani. Ukosefu wa ajira ukiisha, aliyepata kazi husahau. Bei ikipanda na kukaa palepale, hakuna anayesahau. Wachambuzi wengi waliowashangaa wapiga kura mwaka ule walikuwa wanasoma jedwali lisilo sahihi.

Mtu kabla ya msimamo

Wasioegemea popote, kwa wastani, hufuatilia siasa kidogo kuliko wenzao, na hupiga kura mara chache zaidi. Hii si siri wala si tusi; mtu mwenye kazi mbili ana mambo mengine ya kufikiria mwezi Machi, miezi mingi kabla ya uchaguzi wa Novemba. Ila matokeo yake ni kwamba ishara ndogondogo kuhusu mtu huwa na nguvu kwao. Alexander Todorov na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu picha za nyuso za wagombea wa Seneti wasiowafahamu, wawili wawili, kwa sekunde moja, wakawauliza nani anaonekana ana uwezo zaidi. Aliyechaguliwa kwa sura hiyo ndiye aliyekuwa mshindi halisi katika kama asilimia 70 ya visa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2005 na bado unanisumbua.

Lakini tusikimbilie kusema basi ni sura tu. Urais si Seneti: mgombea urais hutazamwa kwa miezi, na ishara nyingine hupata muda wa kujitokeza. Mwaka 2000 Seneta John McCain alimshinda George W. Bush kwa pointi 18 katika uchaguzi wa mchujo wa Republican, ule wa kumtafuta mgombea wa chama, huko New Hampshire, jimbo ambalo mtu asiye na chama huruhusiwa kuchagua mchujo wa kushiriki. Wasio na chama walimiminika kwake. McCain alikuwa mhafidhina katika mambo mengi, utoaji mimba ukiwamo, kwa hiyo hawakuvutwa na msimamo wa katikati. Walivutwa na mtu aliyejibu maswali kwa saa nyingi bila kukwepa, na aliyekuwa tayari kukigomea chama chake kuhusu fedha za kampeni. Kwa asiye na chama, mwanasiasa anayethubutu kukipinga chama chake anatoa ushahidi ambao ahadi haziwezi kuutoa: kwamba ana kichwa chake mwenyewe.

Kinyume chake ni kuonekana bendera fuata upepo. Kerry mwaka 2004 alieleza kura zake za Seneti kuhusu dola bilioni 87 za vita vya Iraq na Afghanistan kwa kusema kwamba aliziunga mkono kabla ya kuzipinga. Maelezo ya kibunge yalikuwepo, kwani zilikuwa hoja mbili tofauti. Wapinzani wake walihitaji sentensi ile moja tu.

Ushahidi wa wazi zaidi kwamba watu humpima mtu ulitokea North Carolina mwaka 2024. Trump alishinda jimbo hilo kwa karibu asilimia 51. Kwenye karatasi ileile Josh Stein wa Democratic alichaguliwa gavana kwa karibu asilimia 55, dhidi ya Mrepublikani Mark Robinson aliyepata kama 40 baada ya kuandamwa na taarifa kuhusu maneno aliyodaiwa kuyaandika mtandaoni, madai aliyoyakanusha. Wale waliompigia Trump na Stein kwa pamoja hawakuwa wengi sana kwa asilimia, lakini ni haohao tunaowatafuta katika makala hii. Walitazama majina mawili na kutoa hukumu mbili.

Pale wote wawili wanapokataliwa

Kuna hali ambayo mizani yote hii huonekana kukwama: mpiga kura hampendi yeyote. Mwaka 2016 asilimia 18 ya waliopiga kura walisema hawamkubali Trump wala mpinzani wake wa Democratic, Hillary Clinton. Kura zao zilimwendea Trump kwa 47 dhidi ya 30. La ajabu zaidi, asilimia 38 tu ya wapiga kura wote walisema Trump ana sifa za kuwa rais, na bado baadhi ya waliosema hana sifa walimpigia.

Hili halieleweki ukidhani kura ni cheti cha kumsifu mtu. Linaeleweka ukilitazama swali ambalo mpiga kura alikuja nalo. Walipoulizwa sifa ipi ni muhimu zaidi, kundi kubwa kuliko yote, asilimia 39, walitaja uwezo wa kuleta mabadiliko, na zaidi ya 8 kati ya 10 katika kundi hilo walimchagua Trump. Clinton alikuwa ameshika mambo ya nchi kwa miaka mingi, na uzoefu huo, ambao yeye aliuona kuwa hoja yake kubwa, kwao ulikuwa uthibitisho wa kwamba ni sehemu ya yaliyokuwapo. Asiyempenda yeyote huuliza nani atabadili hali, au nani ataiacha itulie. Jibu hutegemea kama hali yenyewe inavumilika.

Nadhani hapa ndipo wagombea hukosea zaidi. Hutumia pesa nyingi kuthibitisha kwamba mpinzani ni mbaya, mbele ya watu wanaojua tayari kwamba mpinzani ni mbaya.

Je, kusogea katikati kunasaidia?

Nadharia ya zamani, ya Duncan Black mwaka 1948 na Anthony Downs mwaka 1957, inasema wagombea wawili watavutwa kuelekea mpiga kura wa katikati kabisa, kwa kuwa mwenye kumpata huyo ana wingi wa kura. Historia inaipa nadharia hiyo heshima fulani. Barry Goldwater wa Republican alionekana amekwenda kulia mno mwaka 1964 akapata asilimia 38.5. George McGovern wa Democratic, aliyeonekana amekwenda kushoto mno, alipata 37.5 mwaka 1972. Kuwa mbali na watu kuna gharama.

Lakini "katikati" inayopimwa ni ile ambayo mpiga kura anaiona, na huiona kupitia mambo machache yanayomgusa. Mwaka 2016 Trump alisema maneno makali kuhusu wahamiaji, na wakati huohuo aliahidi kutogusa pensheni za wazee wala bima yao ya afya, jambo lililomtenga na Warepublikani wengi wa Bunge. Kwa mzee wa mji wa viwanda aliyekuwa akiwapigia Wademokrati, ahadi hiyo iliondoa hofu kuu iliyokuwa ikimzuia. Kwa jedwali la mtafiti Trump alikuwa mgombea mkali, lakini mzee yule alimwona amesogea karibu.

Tatizo la mgombea ni kwamba kabla hajafika kwa mtu wa katikati lazima apite kwenye mchujo wa chama, ambako wapiga kura ni wachache na wana misimamo mikali kuliko nchi. Akiahidi huko, ahadi humfuata Novemba. Akizikana, huitwa kigeugeu. Mshika mbili moja humponyoka, na katika kampeni za Marekani linaloponyoka mara nyingi ni lile la pili, kwa sababu la kwanza limerekodiwa.

Na idadi ya watu tunaowazungumzia ni ndogo kiasi cha kutisha. Mwaka 2016 Trump alizichukua Michigan, Pennsylvania na Wisconsin kwa tofauti ya jumla ya kura zipatazo 78,000. Mwaka 2020 Biden alizichukua Arizona, Georgia na Wisconsin kwa tofauti ya jumla ya kura kama 43,000, huku nchi nzima akimzidi mpinzani wake kwa milioni 7. Kwa hiyo ile sentensi ya wachambuzi inaweza kuwa ya kweli na ya uongo kwa pamoja. Kundi zima la "wasio na chama" linaweza kushindwa na lisiamue chochote, na bado watu wasiojaza jiji dogo, walioamua wiki ya mwisho katika majimbo matatu, wakaamua kila kitu.

Tena watu haohao huja mezani wakati majina yameshaandikwa. Arizona, ambako Biden alishinda kwa tofauti ya kura 10,457, karibu theluthi ya wapiga kura wamejiandikisha bila chama kikubwa chochote. Mchujo wa urais wa jimbo hilo mwaka 2024 ulikuwa wa wanachama tu. Asiye na chama aliyetaka sauti katika kuchagua wagombea wawili ambao angewapima Novemba alitakiwa kujiandikisha Mrepublikani au Mdemokrati kabla ya tarehe ya mwisho, apige kura yake, kisha, kama bado anataka, akajiandikishe upya kuwa hana chama.